Amefunga trai nyingi lakini ameachwa: wateuzi wa timu za raga za wanafunzi hutazama nini?

Mama mmoja wa Kakamega ameniandikia hivi: "Mwanangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu na anacheza winga. Katika mashindano ya kaunti ya muhula wa kwanza alifunga trai nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa shule yao. Alipoitwa kwenye majaribio ya timu ya kanda alifunga tena, lakini majina yaliposomwa hakuwemo, na waliochukuliwa kucheza nafasi yake ni pamoja na kijana ambaye siku hiyo hakufunga hata moja. Mwalimu wake anasema wateuzi wana vigezo vyao. Ni vigezo gani hivyo? Au ni kujuana tu?"

Mama, nakushukuru kwa kuuliza waziwazi jambo ambalo wazazi wengi hulinyamazia hadi likageuka uchungu. Nimefundisha raga katika shule za sekondari na nimeketi katika kamati za kuteua wavulana, kwa hiyo nitakueleza yanayofanyika kweli pale majina yanapolinganishwa. Kuhusu kujuana sitakuficha kitu, na nitalifikia jambo hilo. Ila kwanza ni haki ujue kwamba winga, yaani mkimbiaji wa pembeni mwa uwanja, anaweza kuachwa kwa sababu za mchezo kabisa, hata kama ndiye aliyefunga kuliko wote.

Mteuzi makini hajumlishi trai, yaani mara ambazo mchezaji ameuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Trai ni tokeo la kazi ya watu wengi, na mara nyingi winga hukabidhiwa tokeo hilo likiwa limeshaiva. Katika mashindano ya kaunti, ambako shule yenye mafowadi (wachezaji wa mbele) wazito inaweza kupangwa na shule iliyoanza kucheza raga juzi, winga wa upande wenye nguvu atapokea mpira mara kadhaa akiwa na uwanja mtupu mbele yake, na kukimbia mita 40 bila wa kumkaba ni kazi ambayo kijana yeyote mwenye mbio ataiweza. Ndiyo maana mteuzi akiona trai hurudi nyuma kimawazo na kujiuliza ni nani aliyeupata mpira kwenye raki, pale wachezaji wanapougombania ukiwa chini, ni senta yupi wa katikati aliyemvuta mkabaji hadi pengo likatokea, na winga mwenyewe alikuwa amesimama wapi pasi ya mwisho ilipomfikia. Kinyume chake, winga aliyepewa mpira akiwa amebanwa kwenye mstari wa pembeni, akamkwepa wa kwanza, akamburuta wa pili, kisha akauachilia mpira kwa mwenzake kabla hajasukumwa nje, anaweza kuandikiwa alama za juu ingawa jina lake halimo kwenye orodha ya wafungaji.

Ninaelewa kwa nini sisi Wakenya tunawaenzi wafungaji. Nchi iliyomlea Collins Injera, aliyefunga trai 279 katika Msururu wa Dunia wa raga ya wachezaji saba kila upande, na iliyowaona Shujaa, timu yetu ya taifa ya mchezo huo, wakiilaza Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore mwezi wa Aprili 2016, haiwezi kulaumiwa kwa kupenda mbio. Lakini raga ya saba huchezwa kwenye uwanja uleule wa watu 15, na uwazi ambao kijana anauzoea katika raga ya saba ya muhula wa pili haupo kabisa katika ile ya watu 15 ya muhula wa kwanza. Mteuzi wa timu ya wachezaji 15 humwangalia mkimbiaji kwa jicho hilo: akifungwa njia ya nje, ana njia nyingine?

Mechi ya wavulana walio chini ya miaka 19 huchezwa kwa dakika 70, yaani vipindi viwili vya dakika 35. Ukiondoa muda wa kupanga skramu (mafowadi wakisukumana kuugombea mpira) na lainauti (mpira uliotoka nje ukirushwa ndani), penalti na kuwatibu walioumia, mpira wenyewe huwa hai kwa muda mfupi zaidi, na winga huushika kwa sekunde chache tu katika mechi nzima. Anayemtazama winga pale tu anapokuwa na mpira atakuwa hajamtazama. Njia ninayoiamini mimi ni kumchagua kijana mmoja na kumfuata yeye peke yake kwa dakika 10 hivi, mpira uende unakokwenda, kisha kumfuata tena katika kipindi cha pili akiwa amechoka.

Nikupe tukio moja ambalo hutokea karibu kila mechi. Flaihafu wa wapinzani, yule anayeongoza mashambulizi na kupiga mikwaju, anangoja mpira akiwa ndani ya nusu yake. Winga wa kushoto anaona kwamba flaihafu huyo amesimama nyuma kidogo kuliko kawaida na kwamba mabega yake yameelekea pembeni, na kabla mkwaju haujapigwa tayari ameuacha mstari wa ulinzi, amerudi nyuma na anampigia fulbeki, mlinzi wa mwisho, kelele asogee katikati. Mpira unadunda mara moja, anaudaka akiwa imara kwa miguu yote miwili, anaurudisha kwa mkwaju mrefu. Hakuna anayepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyeona hatari. Sasa mweke pale winga aliyebaki mbele akingoja kukaba. Mpira unapita juu ya kichwa chake, anageuka, anaukimbiza kwa kasi ya ajabu na kuufikia ukiwa unavuka mstari wa pembeni, na uwanja mzima unamshangilia. Tangu sheria ya 50:22 ilipoanza kutumika duniani mwaka 2021, mkwaju uliopigwa kutoka nusu ya mpigaji, ukadunda uwanjani na kutoka nje ndani ya mita 22 za wapinzani, huwapa wapigaji wenyewe haki ya kurusha mpira kwenye lainauti. Kijana aliyeshangiliwa ndiye aliyewakaribisha wapinzani mlangoni mwa timu yake. Yule wa kwanza, ambaye watazamaji hawakumwona, ndiye anayeandikwa kwenye karatasi ya mteuzi.

Kando ya hilo, winga hupimwa kwa namna anavyodaka mpira wa juu huku mpinzani akimjia, kwa kuwa anayefumba macho mara moja atapigiwa mipira hiyo mchana kutwa. Hupimwa kwa kukaba akiwa amebaki peke yake na watu wawili mbele yake, jambo linalohitaji subira na pembe nzuri kuliko nguvu, na kwa kumkaba mtu chini ya mstari wa mabega, kwa sababu mkono ukipanda shingoni adhabu huja, na pengine kadi. Hutazamwa kama huja ndani kutafuta kazi mpira ukikaa upande wa pili kwa muda mrefu, au hubaki pembeni akingoja aletewe. Husikilizwa pia. Winga anayezungumza muda wote na senta wake, akimwambia nani amebaki bila mtu na lini wapande pamoja, ana thamani ambayo saa ya kupimia mbio haiwezi kuionyesha.

Kwa faida ya wazazi wengine nitagusa nafasi nyingine kwa ufupi. Propu, nguzo ya mstari wa mbele wa skramu, hutazamwa mgongo, shingo na anavyomshika mwenzake kabla ya kutazamwa nguvu, hasa kwa kuwa sheria za walio chini ya miaka 19 haziruhusu skramu kusukumwa zaidi ya mita 1.5, hivyo ufundi humfaa kuliko uzito. Huka asiyeweza kuurusha mpira wa lainauti ukanyooka hana pa kujificha. Flanka, fowadi wa pembeni mwa skramu, hupimwa kwa tendo lake la pili: amekaba, sawa, lakini ameinuka upesi kiasi gani na amekwenda wapi? Skramuhafu, anayeutoa mpira kwenye skramu, hutakiwa kutoa pasi kwa mikono yote miwili bila kuchukua hatua za ziada, na flaihafu hupimwa kwa uamuzi anaoufanya mambo yakiwa yamevurugika, kwa maana mpango ukienda sawa kila flaihafu huonekana hodari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazazi hawaelezwi kamwe, nalo ni hesabu ya kikosi. Timu ya mechi kamili ina wachezaji 23, yaani 15 wa kuanza na 8 wa akiba. Sheria inataka kikosi cha idadi hiyo kiwe na wachezaji 6 waliofunzwa kucheza mstari wa mbele wa skramu, kwa kuwa kumwingiza humo asiyeujua ni kumhatarisha shingo. Watatu kati yao huanza, kwa hiyo nafasi 3 za akiba zimekwisha kabla mjadala haujaanza. Mbili nyingine kwa kawaida huchukuliwa na loki na flanka, ambao nao ni mafowadi. Zinabaki 3 kwa mabeki, yaani wachezaji wa nyuma, wote. Moja ni ya skramuhafu, kwa sababu kazi yake si ya kukaimiwa na mtu wa kuokoteza, na ya pili huenda kwa kijana anayeweza kucheza flaihafu au senta. Ile ya mwisho hutafutiwa mtu wa kuziba winga zote mbili na fulbeki, ikiwezekana na senta wa nje. Ukifuata hesabu hiyo utaona kwamba winga ambaye hawezi kucheza penginepo ana nafasi mbili tu katika kanda nzima, za kuanza, na anazigombea na kila mvulana mwenye mbio kutoka kila kaunti. Kijana aliyemzidi kidogo kwa upana wa kazi, hata kama amezidiwa naye kwa kasi, ataingia kikosini, na winga huyo atabaki nje. Ningekushauri uulizie kama yule aliyechaguliwa hucheza pia fulbeki kwao. Nisingeshangaa jibu likiwa ndiyo.

Siku ya majaribio ina mtego wake pia. Wavulana wasiojuana huchanganywa, huvalishwa namba, huchezeshwa vipindi vifupi, na kila mmoja anajua kwamba ana dakika chache za kuonekana. Wengi huamua kuung'ang'ania mpira. Wateuzi wanalijua hilo tangu zamani, na ndiyo sababu kijana aliyekuwa na mwenzake pembeni, mkabaji mmoja tu mbele yao, akaamua kwenda mwenyewe, huandikiwa kasoro hata kama alipita na kufunga. Mbele ya mkabaji hodari wa kanda nyingine mpira huo ungepotea. Naomba usinielewe kwamba nasema mwanao alifanya hivyo, kwa kuwa sikuwepo. Nasema trai ya majaribio inaweza kumpunguzia mtu alama, na hakuna atakayemwambia. Kingine kinachotazamwa sana siku hiyo ni sekunde zinazofuata kosa. Mvulana akiudondosha mpira, je, anashika kichwa na kumtazama kocha, au tayari yuko mbioni kuziba pengo alilolifungua? Mimi hulipa jambo hili uzito mkubwa, kwa kuwa mbinu hufundishika ndani ya wiki mbili za kambi, lakini mazoea haya huchukua muda mrefu kubadilika.

Wateuzi wengi wenye nia njema hukosea zaidi katika suala la umri na mwili. Mvulana aliyezaliwa Januari na mwingine aliyezaliwa Desemba ya mwaka huohuo huhesabiwa kuwa wa rika moja, ingawa mmoja amemtangulia mwenzake kwa karibu miezi 12, na katika umri wa miaka 15 au 16 tofauti hiyo inaweza kuwa kilo nyingi na kimo cha kutosha kumfanya mmoja aonekane ana kipaji na mwingine hana. Ongeza juu yake kwamba wavulana hawabalehe kwa wakati mmoja. Afrika Kusini, ambako Wiki ya Craven imekuwa ikikutanisha timu teule za wanafunzi tangu 1964 ilipoanzia East London, watafiti waliwafuatilia wavulana waliochaguliwa kwa mashindano ya chini ya miaka 13 mwaka 2005, na walipofika umri wa chini ya miaka 18 ni robo hivi tu waliochaguliwa tena katika ngazi hiyo. Robo tatu hawakurudi. Kwangu mimi hilo ni onyo kwa kila anayeshika kalamu ya uteuzi, kwamba mara nyingi tunachagua miili iliyowahi kukua huku tukidhani tumechagua wachezaji. New Zealand wamejaribu kulipunguza tatizo hili kwa kuwa na madaraja ya uzito katika baadhi ya mashindano ya vijana, ili mdogo wa mwili apate kucheza bila kupondwa. Hapa kwetu sijaona chombo bora kuliko mteuzi anayetazama tarehe ya kuzaliwa kando ya jina, na kujiuliza kijana huyu atakuwaje wenzake watakapomfikia kimo. Mwanao kama alikua mapema, mbio zake za leo zitapata wapinzani hivi karibuni, na ni heri aanze sasa kujifunza yale mengine. Kama alichelewa, basi kuachwa kwake mwaka huu hakumaanishi mengi.

Kuhusu tabia nitasema machache. Kadi ya njano humtoa mchezaji kwa dakika 10 na kuwaacha wenzake 14, hivyo kijana mwenye hasira ni gharama inayohesabika. Ripoti ya mwalimu huombwa, na anayefika mazoezini kwa kuchelewa huandikwa hivyo. Tena, mama, mfundishe mwanao kwamba akigongwa kichwa asilifiche kwa kuogopa kupoteza nafasi. Mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anapaswa kuondolewa uwanjani mara moja na haruhusiwi kurudi siku hiyo. Mteuzi anayemwona kijana anayumba na bado akamhesabia kuwa ni ushujaa hastahili kazi hiyo.

Umeuliza kama ni kujuana. Kupo, na wala sitakuambia ni jambo dogo. Kwa kawaida wateuzi ni makocha wa shule, nao wana wavulana wao mbele yao. Kamati iliyo safi humzuia kocha kumpigia kura mchezaji wake, huhakikisha kila nafasi imetazamwa na watu wasiopungua wawili kutoka shule tofauti, na huandika sababu za kila jina kabla ya orodha kusomwa. Pale ambapo haya hayafanyiki, mzazi ana haki ya kutilia shaka na ana haki ya kuuliza kwa maandishi kupitia kwa mwalimu mkuu. Hata hivyo, upendeleo ninaouogopa zaidi ni ule usio na mtu wa kulaumiwa. Shule zenye jina katika raga, kama vile Kakamega, Koyonzo au Upper Hill, huonekana na wateuzi mara nyingi, kwa kuwa zikivuka kaunti huenda kanda, kisha michezo ya kitaifa, na pengine Afrika Mashariki. Shule ndogo inaweza kutolewa katika kaunti ndogo baada ya mechi mbili, kwenye uwanja wenye mashimo, bila mteuzi hata mmoja pembeni. Aliyemwona kijana mmoja mechi sita na mwingine mechi moja atamwegemea anayemfahamu, na ataamini kwa dhati kwamba ametenda haki. Hili ni kosa la mfumo wetu, na litapungua tu siku wateuzi watakapogharamiwa nauli ya kwenda kwenye viwanja vya mbali badala ya kungoja vijana waletwe mjini.

Mpaka hapo, kuna mambo ambayo nyinyi wenyewe mnaweza kuyafanya. Mwalimu wake na aende kwa wateuzi akiwa na swali moja: kijana huyu akiboresha nini atachaguliwa mwakani? Ukiuliza kwa nini aliachwa utajibiwa kwa kujitetea, lakini swali hili hulazimisha jibu la kazi. Mtu amrekodi kwa simu mechi nzima, akiwa amesimama juu kidogo na kamera ikimfuata yeye hata anapokuwa mbali na mpira. Vipande vya trai vilivyounganishwa na muziki havimsaidii, kwa sababu havionyeshi lile ambalo mteuzi anataka kuliona. Aombe kuchezeshwa fulbeki katika mechi za kirafiki. Ajifunze kupiga mkwaju kwa mguu wake dhaifu hadi uwe wa kutegemewa, na kila siku ya mazoezi adake mipira ya juu huku mwenzake akimkimbilia.

Milango haijafungwa kwa umri wake. Chipu, timu ya taifa ya walio chini ya miaka 20, iliyocheza mashindano ya dunia ya daraja la pili nyumbani Nairobi mwaka 2009 na tena 2023, huwachukua vijana kutoka shuleni, vyuoni na vilabuni, na mvulana wa miaka 17 bado ana nafasi zaidi ya moja ya kuifikia. Nanyi mna bahati ya kukaa Kakamega, ambako klabu ya Kabras Sugar na timu ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro wako karibu. Likizo ya Desemba ikifika, aende na barua ya mwalimu wake na nakala ya cheti cha kuzaliwa, aombe kushiriki mazoezi tu na si mechi za watu wazima, na akiulizwa anacheza wapi aseme winga na fulbeki.